Buyu, Kunduchi au Kilifi: ukitaka kusomea bahari, uende wapi?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka Tanzania, na yale ya KCSE yakitoka Kenya, swali huwa lilelile: kijana anataka kusomea bahari, aende wapi? Majina yanayotajwa mara nyingi ni matatu. Kuna Buyu, yaani Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Unguja. Kuna Kunduchi, kituo cha pwani cha chuo hichohicho upande wa bara. Na kuna Kilifi, kilipo Chuo Kikuu cha Pwani. Kote huko bahari iko mlangoni, na kote masomo ni kwa Kiingereza huku kazi ya ufukweni ikifanywa kwa Kiswahili, maana mvuvi wa Jambiani au Takaungu hahojiwi kwa Kiingereza. Ila anayemwambia kijana "popote tu, bahari ni ileile" anampoteza.

Kabla hatujaenda mbali, tuondoe mkanganyiko unaowagharimu watu. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, hufundisha unahodha, uhandisi wa meli na mambo ya usafirishaji majini. Mombasa kuna chuo cha aina hiyo pia, Bandari Maritime Academy. Ni vyuo vya kumpeleka anayetaka kazi ya melini au bandarini. Anayetaka kujua kwa nini matumbawe hupauka, kwa nini dagaa wamekuwa haba, au mchanga wa ufukwe wa kwao umekwenda wapi, hayo hatayapata huko. Nimeshaona familia imelipa ada ya kwanza ndipo ikagundua.

Mama mmoja, watoto watatu

Ukitaka kuelewa tofauti za sehemu hizi, rudi nyuma hadi miaka ya 1950. Wakati huo utafiti wa bahari katika ukanda wote wa Kenya, Tanganyika na Zanzibar ulikuwa chini ya shirika moja, EAMFRO, lenye makao Unguja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila mmoja akachukua chake. Kazi iliyobaki Unguja ikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1978 ikazaliwa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Kenya ikaunda KMFRI mwaka 1979, taasisi ya serikali yenye makao Mkomani, Mombasa. Tanzania nayo ikaunda TAFIRI mwaka 1980, taasisi ya serikali kwa ajili ya utafiti wa uvuvi, wa baharini na wa kwenye maziwa.

Mgao ule ndio unaoamua mpaka leo mwanafunzi atasomaje. Unguja, mtafiti na mwalimu ni mtu mmoja: anayekufundisha asubuhi ndiye aliyekuwa Ghuba ya Chwaka wiki iliyopita akipima nyasi bahari. Kenya, utafiti mkubwa ulibaki nje ya chuo kikuu. Meli ya utafiti, RV Mtafiti, iliyotoka Ubelgiji, ni ya KMFRI, na kumbukumbu ndefu za uvuvi ziko huko pia, wakati mwanafunzi yuko darasani Kilifi, mwendo wa saa moja na zaidi kwa matatu. Ili avifikie lazima apate atachimenti, na nafasi za atachimenti zina foleni. Dar es Salaam hali iko katikati: chuo kina walimu wake na kituo chake, TAFIRI iko mji huohuo, na uhusiano wa pande hizo mbili hutegemea sana nani anamjua nani.

Kwa hiyo mimi siulizi kwanza chuo gani kina jina. Nauliza kati ya darasa, mtafiti na maji, kuna umbali gani, na ni nani anaulipia.

Buyu

Taasisi ilikaa miaka mingi Mizingani, Mji Mkongwe, ukingoni kabisa mwa maji, kabla ya kuhamia Buyu, kusini ya uwanja wa ndege. Nyumba ya Mizingani ilikuwa na haiba yake, na wazee waliosoma pale hawaachi kuisimulia. Lakini maabara za utafiti zinataka nafasi, umeme wa uhakika na maji safi ya bahari ya kuingiza kwenye matangi, na Mji Mkongwe hautoi hayo kirahisi. Ukiwa Buyu, Kisiwa cha Chumbe, ambacho matumbawe yake yamehifadhiwa tangu 1994, kiko mbele ya pwani hiyohiyo, na kusini kuna Ghuba ya Menai. Ukivuka kisiwa kwenda mashariki unafika Chwaka, ghuba ambayo sidhani kama ipo nyingine kwenye mwambao wetu iliyopimwa, kuhesabiwa na kuandikwa kama hiyo: mikoko, nyasi bahari, samaki wadogo, na wanawake wanaochokoa chaza na kaa.

Jambo linaloonyesha vizuri faida ya Buyu ni mwani. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza kuandika juu ya uwezekano wa mwani wetu miaka ya 1970. Kilimo cha biashara kikaanza Unguja mwaka 1989, upande wa mashariki, na baada ya muda mfupi mashamba ya vigingi na kamba yakajaa Paje na Jambiani, wakulima wengi wakiwa wanawake. Walilima aina mbili, spinosum na cottonii. Cottonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo isiyovumilia: maji yakipata joto kupita kiasi, matawi yake hupauka, hulainika na kukatika, na mkulima anabaki na kamba tupu. Miaka ya 2000 ilipoingia, sehemu nyingi za Unguja cottonii ilikuwa haioti tena.

Hapo ndipo taasisi ilipoingia. Dkt. Flower Msuya na wenzake walifanya kazi na wakulima haohao, mwaka 2006 ukaanzishwa mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali, ikajaribiwa njia ya kulima kwenye maji yenye kina na baridi zaidi, na wanawake wakaanza kusaga mwani wao na kutengeneza sabuni badala ya kuuza mzigo mkavu tu kwa bei ya mnunuzi. Mwanafunzi aliyekuwa pale miaka hiyo alijifunza mambo mengi kwa pamoja: fisiolojia ya mmea, joto la maji, bei ya soko la nje, na namna ya kukaa barazani na kina mama akasikiliza kabla ya kutoa dodoso. Sijui darasa linalofundisha hayo yote kwa mpigo.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye kipeperushi. Jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, iliyoanzishwa 1993, ina makao yake Unguja. Ndiyo inayotoa jarida la kisayansi la ukanda huu, ndiyo inayoandaa kongamano la kila baada ya miaka miwili, na ina ruzuku ndogo za utafiti zinazofikiwa na wanafunzi na watafiti chipukizi. Mtu yeyote wa nchi za ukanda huu anaweza kuomba, awe Kilifi, Maputo au Toliara. Ila aliye Unguja hukutana na watu hao kwenye semina na kwenye chai, na mambo mengi ya kisayansi huanzia kwenye chai.

Sasa upande wa pili. Buyu imejulikana hasa kwa shahada za uzamili na uzamivu. Aliyetoka kidato cha sita asikurupuke na jina; afungue kwanza mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, wa mwaka wake aone ni programu zipi za shahada ya kwanza zimeorodheshwa na ziko kampasi gani. Pili, utafiti wa taasisi hii umesimama kwa muda mrefu juu ya fedha za miradi, Sweden ikiwa mfadhili mkubwa kwa miongo kadhaa, na wengi waliobobea pale walisoma uzamivu wao nusu Unguja, nusu Ulaya. Mradi ukiwepo kuna boti, petroli na kemikali za maabara. Mradi ukiisha, utaona. Tatu, maisha ya Unguja si rahisi kwa mwanafunzi: kodi ya chumba inapandishwa na utalii, na ukitaka kwenda kulinganisha data zako na Bagamoyo au Mafia, kuna nauli ya boti ya kwenda na kurudi.

Kunduchi

Upande wa bara, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule yake ya sayansi za maji na teknolojia ya uvuvi, na ndiyo njia iliyo wazi zaidi kwa Mtanzania anayetaka shahada ya kwanza. Mwenye PCB (fizikia, kemia, biolojia) au CBG (kemia, biolojia, jiografia) yenye alama nzuri, na anayetegemea mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, aanze kutazama hapa. Uliza mapema vipindi vingapi vitakuwa Mlimani, kampasi kuu, na vingapi Kunduchi, kwa sababu kati ya sehemu hizo mbili kuna foleni ya magari ya Dar es Salaam, na maji hayamsubiri mtu aliyekwama Mwenge.

Maji ya Kunduchi yana somo lake ambalo Unguja hulipati hivyo. Hii ni bahari ya jiji. Mbele yako kuna Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, maeneo tengefu tangu 1975 pamoja na Bongoyo, na nyuma yako kuna mamilioni ya watu ambao maji machafu yao, mchanga wao wa kujengea na chupa zao za plastiki vinateremka na mito hadi hapohapo. Ufukwe wa Kunduchi umekuwa ukiliwa na mawimbi kwa miongo kadhaa. Hoteli zimejenga kuta na matuta ya mawe kuzuia, na kila ukuta unaomwokoa mmoja humhamishia jirani hasara. Mwanafunzi anayependa jiolojia ya pwani, mwendo wa mchanga au uchafuzi hana haja ya kusafiri. Mada yake iko mwendo wa bodaboda.

Na kuna diko, mahali boti zinaposhusha samaki. Fika Kunduchi Pwani alfajiri uone boti zinarudi na dagaa. Mwanafunzi wa uvuvi anasimama na ubao wa kupimia, ule wenye kizuizi upande mmoja na rula katikati: unalaza samaki, unasukuma mdomo uguse kizuizi, unasoma urefu, unamtaja kwa sauti, mwenzako anaandika. Samaki mmoja ni sekunde tano ukishazoea. Tatizo ni kwamba mnada nao unakwenda kwa sekunde. Dalali hasubiri sayansi, na mama mwenye ndoo aliyekwishalipa hataki samaki wake apapaswe na kijana mwenye glovu. Anayejua kuanza na "Shikamoo mzee, naomba nipime hawa kumi tu kabla hujawapeleka," akaitikiwa "Marahaba, fanya haraka basi mwanangu," atamaliza na sampuli nzuri. Anayefika na fomu mkononi bila salamu atapima wale wadogo waliobaki chini ya boti, na matokeo yake yataonyesha kwamba samaki wa Kunduchi wamedumaa, kumbe wakubwa walishauzwa.

Kuna la mwezi pia. Uvuvi wa dagaa ni wa taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo siku za mwezi mpevu boti nyingi hukaa. Mwanafunzi aliyepanga wiki zake mbili za kukusanya data bila kutazama mwezi anaweza kupata diko tupu nusu ya muda, kisha akaandika kwamba mavuno ni haba.

Udhaifu wa Kunduchi ni udhaifu wa chuo kikubwa. Wanafunzi wa shahada ya kwanza ni wengi, boti si nyingi, na ziara ya Mbudya ikiwa ya watu arobaini, wachache ndio watashika kifaa na wengine watapiga picha. Mwenye ari hujipenyeza: huomba kumsaidia mwanafunzi wa uzamili kubeba vifaa Jumamosi, na hapo anajifunza kuliko muhula mzima.

Kilifi

Chuo Kikuu cha Pwani ni kichanga kwa umri. Kilikuwa chuo kishiriki cha Kenyatta kuanzia 2007, mahali palipokuwa na chuo cha kilimo, kikapata hati yake kamili 2013. Kina shahada ya kwanza ya biolojia ya bahari na uvuvi, na hapa bahari ni shahada yenyewe tangu mwaka wa kwanza, si kozi ya hiari ndani ya zoolojia.

Kwa mazingira ya kujifunzia, nadhani Kilifi inawashinda wote. Chini ya mji kuna hori la Kilifi, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, lenye mikoko pande zote. Kwenda kaskazini unakutana na hori la Mida, kisha Watamu na Malindi, hifadhi za bahari zilizotangazwa mwaka 1968, zikiwa za mwanzo kabisa Kenya. Ukiendelea kidogo unafika mdomo wa mto Sabaki, unaomwaga udongo mwekundu kutoka bara hadi maji ya Malindi yakabadilika rangi. Ndani ya saa chache za barabara unapata matumbawe yaliyohifadhiwa, yaliyovuliwa, na yanayofunikwa na tope. Kwa mtu anayetaka kulinganisha, hiyo ni maabara tayari.

Na ukanda huu una jambo la bahari kuu ambalo kusini hulioni vizuri. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hukimbilia kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, huungana na mkondo wa Somalia na kupita moja kwa moja. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikianza kuvuma, mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini, mikondo hiyo miwili ikakutana mbele ya pwani ya kaskazini mwa Kenya, na maji yakakata kuelekea mashariki, bahari kuu. Anayependa fizikia ya bahari kuliko wanyama wake afikirie Kilifi kwa sababu hii, ingawa kwa vifaa vya kazi hiyo atalazimika kubisha hodi KMFRI.

Kinachoisaidia Kilifi ni majirani. Mombasa kuna KMFRI na kuna CORDIO, shirika lililoanza baada ya joto la mwaka 1998 kuua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi na ambalo limekuwa likiyafuatilia tangu hapo. Watamu kuna mashirika ya kasa na ya uhifadhi wa hori la Mida. Kusini, Gazi katika Kwale, kuna Mikoko Pamoja, mradi wa kijiji ulioanza kuuza hewa ya ukaa ya mikoko mwaka 2013, hekta 117 tu, na fedha zake zikaingia kwenye maji ya bomba na shule. Gazi ni shule ya vitendo kwa mwanafunzi yeyote wa mikoko. Pale unafundishwa kwamba mti wa kawaida hupimwa unene kwenye kimo cha mita 1.3, lakini mkoko wenye mizizi ya kusimama hupimwa juu ya mzizi wa juu kabisa, la sivyo utakuwa unapima mizizi na kuiita shina. Wengi huyasoma hayo kitabuni na kuyasahau. Akisimama kwenye tope la magoti na utepe mkononi hasahau tena.

Hasara ya Kilifi nimeshaigusa. Chuo chenyewe bado hakina vifaa vya bahari kuu, na atachimenti nzuri hugombaniwa na wanafunzi wa Nairobi, Eldoret na Mombasa pia. Anayengoja mpaka mwaka wa tatu ndipo aanze kuandika barua atapangiwa ofisi ya kujaza leseni za boti.

Ratiba na saa za maji

Hili linawahusu wote, na ndilo ningelitumia kupima chuo chochote. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvu, yaani za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa zaidi, tofauti ya kina Unguja hufika kama mita nne, na kupwa kwenyewe huangukia kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi, saa ambazo wahadhiri wako wanapenda kuweka vipindi. Siku za maji mafu, maji yanapopwa kidogo tu, hupati kitu, mwamba haufunuki.

Sasa fikiria zoezi la nyasi bahari. Unanyoosha utepe wa mita 50 kutoka upande wa ufukwe kuelekea kwenye mwamba. Kila mita tano unalaza fremu ya nusu mita kwa nusu mita, unapiga magoti, unakadiria nyasi zimefunika asilimia ngapi ya fremu, ni aina gani na gani, urefu wa majani, kuna mwani juu yake au la. Watu wawili wakikadiria fremu moja, mmoja atasema 40 na mwingine 60, na ndiyo maana zoezi hurudiwa mpaka macho yenu yakubaliane. Tepe moja ikienda vizuri ni karibu nusu saa. Unahitaji tatu. Maji yakianza kurudi hayana kelele: kwanza unaona nyayo zako zimejaa, kisha fremu inaelea.

Chuo kinachoelewa hili kina ratiba inayofuata mwezi. Kina kalenda ya maji ukutani, na mhadhiri yuko tayari kuhamisha kipindi cha takwimu kwenda jioni kwa sababu Alhamisi ni bamvu. Buyu, kwa kuwa wanafunzi ni wachache, hili huwa rahisi. Kunduchi ni vigumu zaidi, maana vyumba na vipindi vimefungamana na chuo kizima. Kilifi hutegemea mwalimu. Ukitembelea, usiulize wana maabara ngapi. Uliza bamvu lililopita wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wapi.

Mbegani na Tudor, kwa ufupi

Wapo ambao chuo kikuu si njia yao ya kwanza, na si aibu. FETA Mbegani, chuo cha uvuvi jirani na Bagamoyo, hutoa astashahada na stashahada za uvuvi. Zamani palikuwa na mradi mkubwa wa Norway, na majengo ya enzi hizo bado yanasimulia ndoto ile. Mhitimu wa Mbegani anajua injini, nyavu na barafu. Nimewaona wenye shahada wakimtegemea yeye pindi boti inapozimika. Alama zikiruhusu anaweza kuendelea na shahada baadaye akiwa na mikono inayojua kazi. Anayetoka Mwanza au Kigoma ana matawi ya chuo hichohicho kule Nyegezi na Kibirizi, na kama moyo wake uko kwenye sangara au migebuka, pwani atakuwa anapoteza nauli.

Mombasa, Chuo Kikuu cha Kiufundi, TUM, kina shahada ya usimamizi wa rasilimali za bahari. Kiko Tudor, karibu na hori linalopokea maji machafu ya mji. Ni chaguo zuri kwa anayevutwa na sera, mipango na usimamizi kuliko na darubini.

Fedha na kazi

Ada ni sehemu ndogo ya mzigo. Kinachouma ni utafiti wa mwisho: petroli ya boti, posho ya nahodha, chupa za sampuli, nauli ya kila bamvu. Ukichagua mada ya matumbawe ya nje ya mwamba, ongeza gharama ya kujifunza kuzamia kwa mtungi, ambayo shahada ya kwanza haikupi na shule za kuzamia hazitoi bure. Mada ya mikoko, ya nyasi bahari au ya diko hufanywa kwa miguu. Kijana asiye na mfadhili achague mada ya miguu na aifanye vizuri. Mtahini hampi mtu alama kwa kuzamia.

Kazi? Tanzania zipo TAFIRI, Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, NEMC ya mazingira, halmashauri za pwani, na Zanzibar wizara ya uchumi wa buluu na uvuvi pamoja na mamlaka ya uvuvi wa bahari kuu yenye makao Fumba. Kenya zipo KMFRI, KWS ya wanyamapori, idara za uvuvi za kaunti. Pande zote mbili mashirika yasiyo ya kiserikali huajiri zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa mikataba mifupi. Nafasi za serikali hazitoshi wahitimu wote, na sioni mtu mwenye mamlaka akilisema hili wazi siku ya mahafali. Anayepata kazi haraka, kwa ninavyoona, ni yule anayejua takwimu za kompyuta na kuchora ramani, kisha akawa anaweza kuongea na kamati ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe wao, bila kuwakera.

Ningemwambia nani nini

Mtanzania aliyetoka kidato cha sita, Kunduchi kwa shahada ya kwanza, kisha Buyu kwa uzamili. Njia hiyo imepitiwa na wengi na inafanya kazi. Mkenya mwenye alama za kuingia, Kilifi, na aanze kuandika KMFRI mwaka wa pili. Akimaliza asione haya kuvuka kuja Unguja kwa uzamili, hasa kama ni wa nyasi bahari, mwani au mambo ya kijamii ya pwani. Mwalimu au afisa uvuvi aliye kazini tayari, Buyu moja kwa moja, lakini baada ya kumpata msimamizi, si kabla.

Barua ya kwanza kwa msimamizi ndiyo inayoharibiwa zaidi. "Naomba nafasi ya kusoma sayansi za bahari" haijibiwi. Andika swali moja, mahali, na miezi: kwa mfano, ungependa kujua kama tasi wachanga wa ghuba fulani wanategemea nyasi bahari au mikoko, utafanyia ghuba gani, na kwa nini miezi hiyo. Onyesha umesoma makala zake mbili. Kama kazi yako iko Unguja au Pemba, uliza vibali vya utafiti vya Zanzibar mwanzoni kabisa, maana huo ni utaratibu wake peke yake. Na ukipanga miezi, kumbuka upepo: Juni hadi Agosti kusi huchafua bahari na boti ndogo hazitoki nje ya mwamba mara nyingi, kwa hiyo kazi yoyote ya huko ipangie Novemba hadi Machi, na ile ya mikokoni iachie miezi ya kusi.